Sanamu ya Mke Wangu Uwanjani

Ndugu wasomaji, nina miaka sabini na moja sasa, naishi hapa Kambarage, Shinyanga, na meno yamebaki ya kuhesabu. Haya niliyafanya enzi za mkoloni, nikiwa na miaka ishirini na sita. Msinionee huruma. Sistahili!

Nilikuwa fundi wa sanamu za ngoma. Kila baada ya mavuno makundi mawili yalishindana uwanjani siku tatu, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Nilifinyanga masanamu makubwa kwa udongo wa kichuguu, nikayapaka majivu na udongo mwekundu: fisi, simba, hata bwana shauri, yule mtawala wa Kizungu, na kofia yake! Siku ya mwisho tuliyavunja yote. Ndiyo desturi. Kazi ya wiki nzima... kesho yake ng'ombe wanapita juu yake.

Mke wangu aliitwa Minza, nilimwoa kutoka mbali. Utotoni alianguka motoni. Nusu ya kichwa haikuota nywele tena, na sikio la kushoto halikuwepo. Kijijini kwetu hakuna aliyejua, maana hakuwahi kuonekana bila kilemba. Mwezi wa pili wa ndoa ndipo alipokivua mbele yangu. Nikamwapia kwamba siri hiyo haitatoka nje ya mlango wetu. Kwa mdomo huu huu!

Mwaka ule wapinzani wetu walileta chatu hai. Watu wote wakahamia kwao! Siku mbili tulicheza mbele ya mbuzi na vikongwe. Manju wetu, kiongozi wa ngoma, akanitolea uvivu mbele ya vijana: fundi gani mimi, niache udongo nikalime pamba. Iliniuma, jamani... Nilipenda sifa mno.

Usiku ule ule nikafinyanga mwanamke anatwanga. Nikampa mwanya wa Minza, chale zake za mashavuni, shingo yake. Nikamfunga kilemba chenye kamba ndefu. Moyo uliniambia acha. Nikaujibu: kwani kesho si tunaivunja? Udongo tu huu!

Siku ya tatu, ngoma ilipokolea, nikavuta kamba, kilemba kikadondoka: nusu ya kichwa upara, sikio moja tu.

Lo! Uwanja ulilipuka. "Minza! Ni Minza huyu!" Wakamwacha chatu wa watu, wakamiminika kwetu. Minza mwenyewe alikuwa amesimama pale pale na mtungi wa togwa aliotuletea sisi wachezaji. Wanawake wawili wakamshika mikono, wa tatu akamvua kilemba, waone kama fundi amesema kweli... Na mimi nilikuwa wapi? Mabegani mwa watu, nacheka!

Hakulia. Alitua mtungi chini, akanitazama, akaondoka kichwa wazi.

Jioni tuliivunja sanamu. Lakini manju alikuwa ameshautungia wimbo ule ushindi, na wimbo ukafika hadi kwao Minza, alikokuwa amerudi. Watoto wakamwimbia njiani. Akakimbilia Geita, kwenye machimbo ya dhahabu. Nilimtafuta mwaka mzima. Nilimkuta anawauzia wachimbaji togwa, kichwa wazi juani, na ukutani nyuma yake mtu amemchora kwa mkaa, sikio moja.

Nilipiga magoti, nikampa kilemba kipya cha dukani.

"Karibu, kaka," akasema. "Nikupimie?"

"Minza, ni mimi!"

Akakipokea kile kilemba, akafutia kibuyu, akanijazia togwa.

"Kunywa, kaka, upishe wenzio."

Nikanywa. Nyuma yangu foleni ilikuwa inanisukuma.

Niwaambie lililo baya zaidi? Ile ndiyo kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya. Sura ya Minza mwenyewe imeshanitoka... ninayoiona nikifumba macho ni ile ya udongo!

Vijana mnaochora kwenye kuta na kuigiza watu viwanjani, mkisema kesho kitafutika, nawasihi: mwenye sura mmemuuliza? Mimi sikumuuliza. Leo najipikia uji mwenyewe, naunywa peke yangu.