Mkono wa Thuranira Ulipolegea

Siku ya soko mjini Embu kila mtu husukuma, na Rwamba alikuwa akisukuma kama wengine, gauni lake la manjano limeshika vumbi pindoni. Kwenye kibanda kimoja cha mitumba aliona blauzi ya bluu imetundikwa juu. Akainua mkono wa kulia. Mkono ukafika usawa wa kifua, ukagoma. Akauma meno, akaushusha.

"Hilo bega limeganda," sauti ikasema nyuma yake.

Akageuka. Kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa vizuri, kifurushi cha ndizi kwapani.

"Kwani kazi yako ni kuangalia mabega ya watu?"

"Ndiyo. Na nalipwa."

Rwamba akacheka bila kupenda. Alikuwa msusi, na msusi asiyeinua mkono atakula nini? Wateja wake walishaanza kuhamia saluni ya jirani. Jumatatu akawa kwenye kliniki ya huyo kijana, Thuranira, mtaalamu wa viungo kutoka Meru.

Thuranira alipima kila kitu. Kwa rula ya pembe aliangalia mkono unapanda hadi wapi. Kati ya kiganja chake na bega la Rwamba aliweka kimashine kilichoonyesha anabonyeza kwa nguvu kiasi gani, maana ukibonyeza kidogo kiungo hakifunguki, na ukizidisha unaumiza.

"Inauma?"

"Kidogo."

"Basi naachilia."

"Daktari, utaniponya ama utanibembeleza?"

Jioni Thuranira akampigia simu. "Umefanya mazoezi, mwendwa?"

"Ati mwendwa? Mimi ni mpenzi wako? Hiyo nayo ni dawa ya bega?"

Thuranira akakata simu haraka. Rwamba akabaki ameishika, anatabasamu peke yake jikoni, mboga inaungua.

Lakini bega halikusogea. Na asubuhi moja Thuranira akamwambia, macho dirishani, "Kuanzia leo utahudumiwa na mwenzangu, Mama Winfred."

"Nimekukosea?"

"Hapana. Ni utaratibu tu."

Utaratibu! Mwanamume akikosa la kusema hujificha hapo. Wiki hiyo hiyo Thuranira akahamia kliniki ya Meru, na simu za Rwamba zikaita mpaka zikachoka. Rwamba hakutulia. Alisuka, akafumua, akamfokea mteja, akamwomba msamaha. Simu aliizima, akaiwasha, akaizima tena. "Amenichoka," alijiambia, na aliumia kuliko bega lilivyomuuma.

Mama Winfred hakubembeleza mtu. Alibonyeza inavyotakiwa, Rwamba akalia kitandani, na mkono ukaanza kupanda. Siku ulipopita kichwa, Rwamba akauliza, "Mbona yeye alishindwa?"

Mama Winfred akafunga mlango. "Mimi si mtu wa umbea, lakini hii nitasema. Kwa wagonjwa wengine mashine inaonyesha nguvu yake iko sawa. Kwako ilikuwa inashuka kila wiki. Ukikunja uso tu, mkono wake unalegea. Akaja hapa akaniambia, 'Mama, huyu nampenda, na nikiendelea kumshika atapoteza kazi yake. Mchukue wewe.'"

Rwamba akanyoosha mkono. "Nipe simu yako."

Kule Meru Thuranira alipokea mara moja. "Mama, bega lake linaendeleaje?"

"Limepona, mjinga wewe."

"Rwamba?"

"Ulijua nalia huku?"

"Nilijua. Ningesikia sauti yako ningerudi kukushika, na wewe ulikuwa bado mgonjwa."

"Sasa mimi si mgonjwa wa mtu."

"Basi nikirudi nitapitia kijijini kwenu, Manyatta, niongee na wazee."

"Uongee nini?"

"Si Mama Winfred amekuambia?"

"Ameniambia. Nataka uniambie wewe."

Thuranira alikuwa kwenye korido, wagonjwa wamepanga foleni wanamtazama. Aliwapa mgongo. Akaona afadhali aibu ya leo kuliko majuto ya kesho.

"Nakupenda, Rwamba. Nataka kukuoa."

"Sema tena. Mama Winfred hajasikia."

Akasema tena, kwa sauti, na mzee mmoja kwenye foleni akaitikia amina. Huku Embu Mama Winfred alijifanya anakunja taulo.

"Jumamosi baba yuko nyumbani," Rwamba akasema. Alikuwa akilia tena, na safari hii hakuna aliyemgusa bega.