Mawe Chini ya Kiti cha Nahodha

Likizo ya mwezi wa sita haikumbadilishia Gaudiosa saa ya kuamka. Alifagia uwanja, akachota maji ziwani, akaosha vyombo vya jana, kisha akakaa kunywa uji na shangazi yake Otilia. Alikuwa darasa la sita, na tangu utotoni aliishi kwa shangazi huyo hapa Mbamba Bay, jirani kabisa na mwalo ambapo mashua hutia nanga.

Shangazi Otilia alikuwa na mashua ndogo ya tanga. Wenzake wengi siku hizi wamefunga injini, nao wakipita hata anayelala hushtuka, lakini yeye alisema upepo hauuzwi kwenye kituo cha mafuta. Mashua hiyo ilibeba unga wa muhogo, magunia ya usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, na abiria wa kijiji cha Ngumbo, na ndiyo iliyowalisha wote wawili. Sasa mwera, ule upepo mkali wa kusini, ulikuwa umeanza kuvuma, na mashua ilikuwa inavuja. Ilibidi ivutwe nchi kavu siku hiyohiyo na kuzibwa nyufa kwa pamba na lami, kabla mawimbi hayajaipigiza kwenye miamba.

Kuvuta mashua pale mwaloni si kazi ya kuajiri watu. Mwenye chombo hupita nyumba kwa nyumba jioni, na asubuhi watu wanakuja wenyewe: wavuvi, wenye maduka, akina mama walioacha usipa wao juani. Hakuna anayelipwa. Wote hula ugali na samaki wa mwenye mashua, na siku yako ikifika watakuja kwako vilevile. Ukiwaona walivyojipanga kwenye kamba, mwenye mvi nyuma ya kijana, utawapenda tu.

Gaudiosa hakuwahi kuishika kamba hiyo. Kila mwaka aliambiwa bado mdogo. Mwaka huu shangazi alimwahidi kwamba akimaliza kutoa kila kitu ndani ya mashua, atavuta pamoja na watu wazima.

Alianza kazi kwa bidii ya kweli. Alitoa makasia, akachota maji yaliyovuja na kuyamwaga nje, kisha akaanza kutoa mawe. Mashua ya tanga hubeba mawe chini ili upepo usiipindue. Majini mawe hayo huifaa sana, lakini nchi kavu huiumiza, kwa sababu hapo hakuna maji ya kuusaidia ubao kubeba uzito. Gaudiosa alitoa ya mbele, akatoa ya katikati, jasho likimtoka hadi machoni.

Yakabaki yale ya nyuma kabisa, chini ya kiti cha nahodha. Huko palikuwa pembamba, na maji meusi yalinuka samaki waliooza. Mende mkubwa alimpanda mkononi. Wakati huo watu walikwisha kufika, na alisikia wakichekeshana huku wakigawana nafasi kwenye kamba. Aliogopa kwamba zitajaa. Akajiambia kwamba yale mawe hayakuwa mengi, akanawa mikono na kuruka nje.

Pale mwaloni wana desturi moja. Msimamizi wa kazi alikuwa Fundi Bwanali, mtengenezaji wa mashua, mzee mfupi mwenye sauti ya kufika Malawi. Kabla ya kuvuta, aliyetoa mizigo husimama mbele ya watu wote, fundi akamwuliza, naye akajibu. Baada ya hapo hakuna anayepanda kuchungulia, maana kuchungulia ni kumwonyesha mtu kwamba humwamini.

"Gaudiosa, chombo kina nini ndani?" Fundi Bwanali aliuliza.

"Hakina kitu, Fundi."

"Basi tushike kamba."

Kazi ikaanza, na ilikuwa kazi ya kupendeza. Fundi alianzisha wimbo, watu wakaitikia, na kwenye neno la mwisho migongo yote ikalala nyuma kwa pamoja. Mashua ilitoa pua majini na kupanda juu ya magogo yaliyopangwa mchangani. Gogo lilipoachwa nyuma, wanawake wawili walilibeba mbio na kulilaza tena mbele, limenyooka sawasawa, bila kuelekezwa na mtu. Gaudiosa alivuta akiwa katikati yao, amefurahi mpaka akasahau mende.

Nyuma, ndani ya maji, walikuwapo wasukumaji. Mmoja wao alikuwa Izidori, mtoto wa jirani, aliyekuwa darasa la saba na mwenye mwili mkubwa kuliko umri wake.

Mambo yaliharibika sehemu ya nyuma ilipotoka majini. Mashua ilisimama. Fundi aliimba tena, watu wakavuta, nayo ikasogea kidogo tu kisha ikakwama. Fundi akauliza kama huko nyuma wamelala. Mtu mmoja akatania kwamba Izidori anajua kusukuma sahani tu, na watu wakacheka.

Walipovuta mara ya tatu, mbao za chini zilitoa mlio mbaya. Mashua ikarudi nyuma ghafla, na Izidori aliuchomoa mguu wake kabla tu haujapondwa na gogo. Wenzake waliwahi kusukumiza kabari, vile vipande vya mti vya kuzuia chombo kisiteleze. Fundi Bwanali sasa alikasirika. Alimwambia Izidori kwamba kama hana nguvu atoke awapishe wanaume.

"Ninasukuma, Fundi," Izidori alijibu. Bega lake lilikuwa limechubuka, na macho yalimjaa machozi ambayo hakutaka yaonekane. Hata hivyo aliinama, akaliweka bega lilelile kwenye ubao.

Gaudiosa aliona yote hayo, na aibu ikamshika. Akisema, watu wote watajua kwamba amedanganya, na huenda asiguse kamba hiyo tena. Asiposema, mashua ya shangazi itapasuka, au itamrudia Izidori miguuni. Fundi alikwisha kuinua mkono ili waanze tena. Gaudiosa akaiachia kamba na kutoka mbele.

"Fundi, msivute. Kina mawe. Yako chini ya kiti cha nahodha. Nilisema uongo."

Shangazi Otilia alimtazama, na mtazamo huo ulimwuma Gaudiosa kuliko kofi. Fundi Bwanali hakumfokea. Aliagiza kabari ziongezwe, mashua iegemezwe kwa miti pande zote mbili, na kamba ishikwe bila kulegezwa. Kisha akamwonyesha Gaudiosa kwa kidole: apande akamalize kazi yake.

Alipanda. Aliingiza mikono kwenye maji meusi hadi mabegani, akatoa jiwe baada ya jiwe, huku Izidori akiyapokea chini. Watu walingoja huku wameshika kamba, na hakuna aliyemharakisha. Aliposhuka alinuka vibaya sana. Mtu mmoja alisema kwamba safari hii mtu mzima aende akaangalie, lakini Fundi alikataa. Alimsimamisha Gaudiosa palepale aliposimama mwanzo.

"Chombo kina nini ndani?"

"Hakina kitu, Fundi," alisema, akimtazama usoni.

Watu wote wakashika kamba kwa neno lake. Wimbo uliimbwa, migongo ikalala nyuma, na mashua ikapanda juu ya magogo mpaka kwenye nyasi, pasipofikiwa na wimbi lolote.

Fundi Bwanali aliingia uvunguni mwa mashua na kuipapasa. Ubao mmoja ulikuwa umeanza kupasuka. Alisema unatengenezeka, lakini kwa mvuto mmoja zaidi ungekwisha. Kisha akamwendea Izidori na kumwomba radhi mbele ya wote, mzee kwa mtoto. Gaudiosa naye akamfuata kumwomba msamaha. Izidori alisema amemsamehe, ila mwakani atamwuliza mara mbili.

Wakati wa kula, Shangazi Otilia alimketisha Gaudiosa karibu naye.

"Ulipodanganya, wewe ulikuwa mbele, kwenye kamba," alimwambia kwa upole. "Mashua isingekuangukia wewe. Ingemwangukia Izidori, ambaye hakukukosea lolote. Kazi unayoiruka haiishi, mwanangu. Mwenzako anaibeba bila kujua, na tena anachekwa kwa sababu haibebeki. Hilo limeniumiza. Lakini ulisema mwenyewe, hukusubiri kugunduliwa, na ulisema kabla hatujavuta tena. Kwa hilo nimekuona mtu mzima leo. Sasa maliza ugali wako, kisha uchemshe maji, tukamkande Izidori bega."