Shilingi ya Waziri

Land Cruiser nyeupe iliruka tuta la mwisho la mji wa Lushoto saa kumi na dakika hamsini jioni, ikashika barabara ya kuteremkia Soni.

Husna Shemboza aliipa dakika moja. Kisha akaipiga kiki pikipiki yake, Boxer, na kuifuata.

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye lami. Alizima taa, akawa anafuata zile nyekundu za nyuma ya gari. Kiunoni alikuwa na Glock 19. Mfukoni simu ya setilaiti, Thuraya. Sikioni sauti ya mkuu wake katika Idara ya Usalama, Bakari, aliyekuwa Dodoma, katika chumba kidogo kando ya ukumbi wa Bunge.

"Kipanga," alimwita kwa jina lake la kazini, "nipe hali."

"Wawili ndani. Mzungu anaendesha. Elisante yuko kando yake, begi jeusi mapajani."

"Karatasi imo humo?"

"Inshallah."

"Mimi nataka karatasi, Kipanga. Una dakika arobaini."

Mambo yenyewe yalianza wiki tatu nyuma. Kila mwaka, kabla waziri wa elimu hajasimama bungeni kusoma hotuba ya bajeti yake, wataalamu huandaa randama, kitabu kinene kinachowaeleza wabunge kila fungu la fedha linakwenda wapi. Kitabu hicho hakiandikiki ofisini, kwa wingi wa simu na wageni. Kwa hiyo wataalamu hujifungia mahali. Safari hii walijifungia kwenye hoteli moja ya Lushoto. Ukiwauliza kwa nini Lushoto, watakusifia hewa. Kuhusu posho hawasemi.

Elisante alikuwa mmoja wao, mtu wa majedwali. Katika hoteli ile ile alipanga mgeni aliyejiita Korvin, mtalii wa ndege, ambaye kwa siku kumi na nne hakuinua shingo kumtazama hata kunguru. Korvin alikuwa dalali wa kampuni ya ng'ambo yenye maghala ya vishikwambi vibovu, mali iliyokataliwa nchi tatu.

Ukurasa wa 204 wa randama ulitenga fedha za kuta za kuzuia maporomoko na mabweni mapya, kwa shule kumi na nne zilizokaa kwenye miteremko ya milima. Kitabu kilipotoka kwa mchapaji, ukurasa huo ulikuwa wa vishikwambi. Ukurasa wa asili, uliotiwa sahihi na wataalamu wote saba, ulikuwa umetoweka.

Na muda ulikuwa unakimbia. Saa kumi na moja na nusu Bunge lingekaa kama Kamati ya Matumizi, kupitisha bajeti ya elimu kifungu kwa kifungu. Cha kwanza kusomwa ni chenye mshahara wa waziri. Hapo ndipo mbunge asiyeridhika husimama akashika shilingi: anazuia shilingi moja ya mshahara huo mpaka aelezwe. Shilingi moja haikununulii hata pipi, lakini imewatoa jasho mawaziri wengi. Ukikosa nafasi hiyo, saa ikifika, gilotini inashuka. Vifungu vilivyobaki vinapitishwa kwa mkupuo, wanasema ndiyo, imekwisha.

Mheshimiwa Josephina, mbunge wa upande wa milimani, alikuwa amejiandaa kushika shilingi. Lakini bungeni husimami na tetesi mkononi. Alihitaji ushahidi.

"Niwaamshe polisi wa Soni?" Bakari aliuliza.

"Hapana. Wakisikia king'ora watalitupa begi mtoni. Niachie mwenyewe."

Niachie mwenyewe. Maneno ya watu wasiolala vizuri.

Husna hakuupenda ukungu. Alikuwa amefanya kazi kwenye miji yenye risasi na hakutetemeka, lakini ukungu wa Usambara ulimtia baridi ya mifupa. Kila uliposhuka alisikia hatua za mtu nyuma yake, hatua za ndala zilizolowa. Alikwishajizoeza kutogeuka.

Alizisikia sasa, juu ya muungurumo wa Boxer.

*Si leo, Rahabu,* alisema moyoni. *Leo niko kazini.*

Barabara ya lami milimani ni ya wageni. Wenyeji wana njia zao. Husna akaiacha lami, akaitumbukiza pikipiki kwenye kijia cha wachuma mboga, akateremka kati ya matuta ya karoti, matope yakimrukia mpaka kwenye nyusi. Akazikata kona nne. Alipochomoza barabarani tena, Land Cruiser ilikuwa bado huko juu, nyuma yake, inazunguka mlima.

Mbele yake kulikuwa na Fuso linapakia kabichi. Mama mmoja mnene, kanga imefungwa kifuani juu ya sweta, alikuwa anawagombeza wapakiaji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka kulima au umetoka kaburini?"

"Naitwa Husna. Naomba Fuso hili likae katikati ya barabara, sasa hivi."

"Kwa kazi gani?"

"Ya serikali."

Yule mama akaweka mikono kiunoni. "Mimi ndiye Mwanahawa, na serikali naijua. Mjukuu wangu Saumu analala bwenini kule juu. Mlima unawachungulia dirishani. Mvua hizi za masika ukuta umepasuka, mkono wangu unaingia. Walikuja wakapima, wakanywa chai, wakaenda zao."

"Ukuta wa Saumu ndio naufuata, mama. Wezi wake wanakuja na gari jeupe."

Mwanahawa hakuuliza la pili. "Hashimu! Lete gari katikati! Nimesema katikati, wewe!"

Dereva akalikingamisha Fuso. Sekunde ishirini baadaye Land Cruiser ikatokea kwenye kona, ikafunga breki, ikateleza ubavu na kujikita kwenye rundo la magunia.

Kabichi zikabingirika kila upande.

Korvin akatoka na bastola. Alifyatua moja, ikapasua gunia. Hakufyatua ya pili. Husna aliupiga teke mlango, ukambana mkono, bastola ikaanguka. Alipojaribu kugeuka alikutana na kofia ngumu ya pikipiki usoni. Akakaa chini barabarani, damu puani, mdomo wa Glock shingoni.

"Ndege wa huku umeshawaona?" Husna alimuuliza, huku akimfunga pingu za plastiki.

Elisante hakuhitaji kupigwa. Alikuwa bado amekaa garini, amelikumbatia begi, analia.

Husna akalifungua. Kompyuta mpakato. Nakala moja ya randama iliyochapwa. Basi.

"Ukurasa wa asili uko wapi?"

"Ameuchoma, dada. Vyumba vya hoteli ile vina mahali pa kuotea moto, si unaijua baridi ya Lushoto. Ameuchoma mbele yangu asubuhi."

Saa kumi na moja na dakika kumi na nane.

"Mkuu. Karatasi imechomwa."

Bakari akashusha pumzi. "Tumekwisha. Ungamo la mtu aliyekamatwa barabarani halifiki bungeni kwa dakika kumi na mbili. Josephina atakaa chini."

Husna alikuwa ameifungua randama juu ya boneti, ukurasa wa 204. Akahesabu majina ya shule.

"Zilikuwa kumi na nne. Hapa ziko kumi na tisa."

"Vishikwambi vilizidi wanafunzi," Elisante alisema, anafuta makamasi. "Nikaongeza tano za huku huku, nilizozitoa kwenye orodha ya zamani niliyokuwa nayo. Dodoma nani anazijua shule za milimani?"

Jina la kumi na saba. Sekondari ya Wasichana Kwekidundu. Wanafunzi 312.

Husna akashika boneti kwa mikono miwili.

Alikuwa kidato cha tatu. Mwezi wa Ramadhani, mvua za vuli. Wasichana Waislamu waliamka kula daku kwenye jiko la shule, ng'ambo ya uwanja. Rahabu Danieli hakuwa Mwislamu. Baba yake alitoka Iringa kuja kuchuma chai. Lakini alikuwa rafiki yake wa kitanda cha juu, na kila usiku alikuwa akiamka naye, anavuta ndala zake kwenye matope, anakaa jikoni anamtazama akila, ili Husna asiogope giza peke yake. Usiku wa ishirini na mbili Husna alimwona amelala fofofo, akamhurumia. Hakumwamsha.

Uji ulikuwa bado wa moto mlima uliposhuka juu ya bweni. Mabinti kumi na mmoja, Rahabu mmoja wao. Shule ilifungwa wiki ile ile, haikufunguliwa tena.

Miaka kumi na saba hakumwambia mtu. Fomu za Idara zilipouliza shule aliyosoma, aliandika ile aliyohamishiwa. Sasa ukungu ulikuwa umemzunguka, hatua zimesimama mgongoni pake, karibu kabisa. Akageuka. Hakukuwa na mtu. Akalia waziwazi, mbele ya wapakiaji na kabichi zao. Kisha akajifuta kwa kiganja chenye matope.

"Mkuu. Jina la kumi na saba. Kwekidundu. Josephina amuulize waziri mwalimu mkuu wa pale anaitwa nani."

"Kwa nini?"

"Shule hiyo haipo. Mlima uliifukia. Ina makaburi kumi na moja."

"Una uhakika gani? Nikimpa mbunge uongo, mimi na wewe tunarudi kulima."

"Nilikuwa jikoni, mkuu. Mimi ni mmoja wa waliobaki."

Husna alisikia viatu vya Bakari vikikimbia kwenye korido.

Redio ya Fuso ilikuwa inatangaza Bunge. Hashimu akaongeza sauti. Wapakiaji wakasogea, Mwanahawa mbele. Sauti ya Katibu ilisoma kifungu cha kwanza, kwa kasi, kama kawaida yao.

"Mheshimiwa Mwenyekiti!" Ilikuwa sauti ya mwanamke. "Nashika shilingi ya mshahara wa Mheshimiwa Waziri."

"Mheshimiwa Josephina, eleza."

"Ukurasa wa 204 unaipa Sekondari ya Wasichana Kwekidundu, Lushoto, vishikwambi mia tatu na kumi na viwili. Sina ugomvi. Naomba tu Waziri anitajie mwalimu mkuu wa shule hiyo."

Vicheko. Kisha minong'ono. Kisha sauti ya Waziri.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba muda nipate taarifa..."

"Nitamsaidia. Shule hiyo ilifukiwa na mlima miaka kumi na saba iliyopita, mabinti kumi na mmoja wakiwa usingizini. Fedha za kuwajengea wenzao ukuta zimeondolewa, ili tuwanunulie marehemu vishikwambi. Shilingi siitoi, Mwenyekiti. Siitoi hata kukicha!"

Ukumbi ulichafuka. Waziri aliporudi kwenye kipaza sauti, alisema ukurasa ule hakuuidhinisha yeye. Serikali italeta jedwali la marekebisho kabla kifungu hakijaamuliwa, fedha zirudi kwenye kuta na mabweni, shule kumi na nne kama zilivyokuwa.

"Na jina la Kwekidundu," alimalizia, "lifutwe kwenye orodha."

"Narudisha shilingi," alisema Josephina, na meza zikagongwa.

Barabarani watu walishangilia. Mwanahawa alipiga vigelegele mpaka akakohoa. Husna peke yake hakushangilia. Neno lifutwe lilikuwa limemchoma. Hata kitabuni sasa wale kumi na mmoja hawamo.

Polisi wa Soni walifika, wakawapakia Korvin na Elisante. Thuraya ikaita.

"Umeumia, Kipanga?"

"Hapana, mkuu."

"Umefanya kazi kubwa. Nimebakiza fomu. Kuna sehemu ya mtoa habari wa ukurasa ule. Niandike nani?"

Husna alitazama juu, kule mlima usikoonekana kwa ukungu.

"Rahabu Danieli."

"Ni mtu wetu?"

"Ni wangu."

"Tukimhitaji tunampata wapi?"

"Kwekidundu."

Husna akasikia kalamu ya Bakari ikiandika, taratibu, herufi moja moja, mpaka ikasimama. Akakata simu. Akaifunga zipu ya koti, akaliacha gari la polisi lililokuwa likimsubiri, akavuka barabara na kushika kijia cha kupanda.

"Wee mwanangu!" Mwanahawa alimwita. "Njia hiyo imekufa! Huko juu hakuna anayekaa!"

"Najua, mama."

Akapanda bila haraka, akimwachia mtu nafasi ya kutembea kando yake.