Boti Iliyoinama Kushoto

Kila asubuhi, kabla ya kufungua karakana, mke wa mchomeleaji alishuka gatini kuitazama boti yao. Ilikuwa na matumbo mawili membamba ya chuma, yameunganishwa juu kwa sitaha. Mumewe ndiye aliyeiunda. Yeye mke ndiye angeiendesha, ikibeba abiria. Ijumaa mkaguzi wa vyombo vya majini angekuja. Akiikataa, jasho la mwaka mzima lingekwenda bure.

Na boti ilikuwa imeinama kushoto. Alipima kwa vidole: tumbo la kushoto limezama vidole vitatu zaidi. Kwa nini? Swali hilo lilimganda kama ruba.

Mumewe hakuona tatizo. Alisema atatia mawe upande wa kulia, yaishe. Mkewe akamwomba asubiri, akaenda kumwita jirani yao, mama mstaafu aliyechora meli miaka thelathini. Mtaani aliitwa Bi Rula, maana rula haikumtoka mkononi.

Bi Rula aliizunguka boti, kisha akauliza kwa nini tangi, betri na sanduku la vifaa vyote viko kushoto. Fundi akajikuna kichwa. Upande huo ndio uliokuwa karibu na gati. Kila kilichofika alikitua palepale, akakifunga.

"Na mawe, mama?" mke akauliza.

"Yatainyoosha, mwanangu, lakini yataizamisha. Matumbo membamba hayana nafasi ya mzigo wa bure. Kila jiwe linakula nafasi ya abiria."

Akampa mke nusu ndoo ya maji, akamwambia aishike kifuani, kisha anyooshe mkono. Mkono ukatetemeka.

"Maji ni yaleyale," alisema Bi Rula. "Umbali ndio umebadilika. Kwa hiyo usiulize tu kitu kina kilo ngapi. Uliza kimekaa wapi."

Wakaazima mzani wa magunia. Kila kitu kikapimwa na kuandikwa daftarini, kilo zake na umbali wake kutoka mstari wa katikati. Tangi likahamia katikati, betri ikaenda kulia, sanduku likabaki kushoto. Fundi alinung'unika, kwani kukata ulichokichomelea mwenyewe kunauma.

"Panda mzanini na wewe," mkewe akamwambia. "Kitambi hicho nacho kinasafiri."

Ijumaa mkaguzi alisoma alama za maji pande zote mbili. Zililingana. Akalipitia daftari lao polepole, akaandika kibali: abiria kumi na wawili. Mke aliona raha mpaka machozi yakamlengalenga.

Safari ya kwanza, abiria mmoja alibwaga gunia lake ukingoni mwa sitaha. Kabla mke hajafungua kinywa, mumewe alikwisha kufika.

"Samahani, dada. Gunia lina kilo ngapi? Naomba likae katikati."