Aliyeambiwa Akae

Rangi ya mafuta haikauki kwa usiku mmoja, hilo hata mwanafunzi wa juzi analijua. Ndiyo maana mchoraji, ambaye mtaa mzima ulimwita Brashi, aliduwaa alipogusa shavu alilolipaka jana yake na kidole kikatoka kikavu. Tena shavu lilikuwa na joto. Akasingizia jua, ingawa dirisha lilikuwa limefungwa.

Picha ilikuwa ya binti yake, mtoto pekee aliyeachiwa na marehemu mkewe, msichana mwenye mdomo usiojua likizo. Kila alasiri alimketisha kwenye kigoda, akahangaika na kahawia, manjano na nyekundu kidogo, mpaka ngozi ile ikamtoa jasho.

Jana yake hiyo, binti alichoka akanyemelea jikoni. Brashi, macho yote kwenye turubai, hakujua. Aliona kwa pembeni kitu kinatikisika kigodani, akasema kama kawaida yake, "Kaa hapo. Usiondoke mpaka nimalize."

"Nimekaa," akajibiwa.

Akaendelea kupaka, hadi binti alipotokea mlangoni na vikombe viwili mkononi.

"Baba," alinong'ona, "unaongea na nani?"

Tangu hapo nyumba ikanuka udongo mbichi. Kigoda kililia peke yake mchana kweupe, binti akapunguza maneno siku hadi siku kama redio inayoishiwa betri, na Brashi, ambaye kazi yake ni kuangalia mwanga unavyoanguka usoni, akaona kitu ambacho hakuthubutu kumwambia mtu, kwamba mwanga wa dirisha ulimpiga mwanawe shavu la kushoto na kivuli kikalala shavu hilohilo la kushoto.

Akaenda kwa mganga.

"Huyo aliyekujibu, ulimwambia neno gani hasa?" mganga aliuliza.

"Kaa."

Mganga akafumba macho. "Wewe ulitaka aketi. Yeye kasikia ahamie."

"Basi nitamwambia atoke kwenye kigoda."

"Kigodani alipita tu, bwana. Wakati unampa ruhusa, ulikuwa unapaka sura ya nani?"

Brashi akakumbuka shavu lenye joto.

"Nenda ukamwombe," mganga alisema kwa sauti ya chini. "Mimi kwa mtu aliyekaribishwa na mwenye nyumba sina dawa."

Alimkuta binti chumba cha kazi, amesimama mbele ya picha. Akasema, "Tafadhali, ondoka. Hapa si kwako."

Binti akageuka, machozi yakimtiririka, na kwa muda mfupi alikuwa yeye mwenyewe kabisa.

"Baba, ananiambia nitoke mimi," alisema. "Anasema mwenye nyumba ni yeye."

Machozi yakakatika. Uso ukatulia, ukamtazama Brashi kwa adabu, kama anavyotazamwa mtu aliyebisha hodi.

"Karibu, mgeni. Unamtafuta nani?"

Brashi alilitaja jina la mwanawe, akalirudia, akalirudia tena. Hakuna aliyeitika.