Sentimita Kumi na Sita na Nusu

Mlinzi alikutwa ameketi sakafuni, amefungwa kwa futi ya kupimia nguo, tena kwa unadhifu kiasi kwamba kila aliyepita aliweza kusoma kiuno chake: sentimita mia na nne. Hakuwa ameumizwa. Alikuwa ameudhika tu.

Vyerehani kumi na viwili vya chuo cha ushonaji vilikuwa vimekwenda. Juu ya meza ya mlinzi, chai ilikuwa bado inafuka moshi.

Inspekta alikigusa kikombe kwa mgongo wa kidole.

"Wameondoka lini?"

"Sasa hivi. Mngekuja mbio mngewakuta."

"Walikuwa wangapi?"

"Watatu. Na simu."

"Simu si mtu."

"Hii ilikuwa mtu. Ililia, mmoja akasikiliza, akawaambia wenzake, 'Sikio anasema polisi wako kwenye mzunguko wa barabara. Pakieni cha mwisho tuondoke.' Wakapakia cha mwisho. Hawakuwa na haraka, afande. Mmoja aliniaga."

Inspekta alimtazama dereva wake, koplo wa kike, mtu mzima, mwenye mikono ya kuweza kung'oa usukani. Ilikuwa kweli. Walikuwa kwenye mzunguko. Walikwama pale dakika tatu nzima nyuma ya gari la mafunzo ya udereva lililozimika, likawashwa, likazimika tena. Koplo alipiga honi mpaka honi ikapata mafua.

Huo ulikuwa wizi wa nne mwezi huo. Matairi, mabomba, viti vya ukumbi, na sasa vyerehani. Kila mara mchana kweupe, na kila mara polisi walifika kupokea vumbi.

Kituoni, Mkuu wa kituo alikuwa amesimama nyuma ya meza yake, meza iliyokuwa na mguu mmoja mfupi uliowekewa karatasi zilizokunjwa.

"Tulibadilisha masafa ya redio wiki sita zilizopita," alisema. "Namba mpya inajulikana na watu watatu. Fundi wa makao makuu, mimi, na mwendesha redio. Fundi yuko mbali. Mimi ni mimi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Mama Sauti amesimamishwa. Ijumaa anapelekwa mahakamani. Kila mkiita, yeye anasema 'rudia, rudia'. Anawachelewesha makusudi, wezi wanaondoka."

"Mkuu, skana ya redio ya kawaida inapekua masafa yenyewe mpaka iyapate. Mtu mwenye subira hahitaji kuambiwa namba."

"Huyo ni shemeji yako. Kaa kando."

"Basi nitachunguza vyerehani," alisema Inspekta. "Vyenyewe sina undugu navyo."

Mama Sauti alikuwa dada mkubwa wa mke wake. Inspekta alipofika nyumbani alimkuta amekalia kiti chake, miguu juu ya kigoda, uso umevimba kwa kulia na kwa hasira, hasira ikiongoza.

"Shemeji," alisema, "miaka kumi na tisa nimeongea na hewa. Leo hewa inanishitaki."

"Kwa nini unasema 'rudia' kila mara?"

"Kwa sababu siwasikii. Tangu masafa yabadilike, magari yenu yanaongea kama watu waliofunikwa blanketi. Nimemwambia Mkuu. Akaniambia nisafishe masikio."

Mke wa Inspekta alitokea jikoni na chai vikombe viwili. Kimoja cha dada, kimoja chake.

"Na mimi?" aliuliza Inspekta.

"Ijumaa dada akilala mahabusu, utatafuta pa kunywea na pa kulala."

Asubuhi ya Jumatano, Inspekta na koplo waliingia kwenye duka la fundi redio, mzee mfupi aliyezungukwa na redio zilizotumbuliwa matumbo.

"Nataka kusikiliza mawasiliano kutoka kwenye gari," alisema Inspekta. "Redio ya mkononi inatosha?"

"Mji huu una mabonde. Humo utasikia mikwaruzo na mawazo yako mwenyewe. Unahitaji antena ya gari. Na antena ni kama suruali, hushonwa kwa kipimo cha mvaaji. Kila masafa yana urefu wake. Chukua elfu saba mia moja ishirini na tano, gawanya kwa masafa unayotaka, jibu ni sentimita. Kisha iweke katikati ya paa, bati liwe chini yake pande zote. Ukiiweka kwenye bampa, gari lako lenyewe linakuziba nusu ya dunia."

Kisha akachungulia dirishani. Juu ya gari la doria ilisimama antena ndefu kama ufito wa kuangulia matunda.

"Ile yenu ina sentimita tisini. Ni ya masafa mapya?"

"Ilikuwepo tangu zamani."

"Mlibadilisha masafa, mkaacha antena?"

Fundi alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama tena. Hakuna kilichobadilika.

"Basi ndugu zangu, huyo mwizi wenu anawasikia kuliko mnavyosikiana."

Koplo alikohoa. Inspekta alihesabu kimoyomoyo mara ngapi shemeji yake amesema 'rudia'.

"Nani hapa mjini ana ugonjwa wa antena za magari?"

"Watatu. Dereva wa teksi nyeupe, mwenye gari la kuvuta magari mabovu, na mwalimu wa shule ya udereva. Wananunua ndefu, wanakata wenyewe nyumbani."

Inspekta na koplo walitazamana. Wote wawili waliuona tena akilini ule mzunguko. Lakini kuzimikiwa gari si kosa la jinai, na kumkamata mwalimu wa udereva kwa sababu hiyo ni sawa na kumkamata daktari kwa kukutwa na wagonjwa. Ushahidi ulihitajika.

Inspekta alirudi kwa Mkuu kuomba namba ya masafa. Mkuu aliiandika kwenye kipande cha karatasi, akamwonyesha kwa sekunde mbili, akakitia mdomoni, akakitafuna. Inspekta aligawanya kichwani akishuka ngazi. Jibu lilikuwa sentimita kumi na sita na nusu.

Hakuna gari la polisi lililokuwa na antena ya urefu huo. Kipimo hicho kingeweza kujulikana tu na mtu aliyeyapata masafa mapya.

Alhamisi alivaa shati la nyumbani, akachukua gari lake kuukuu, akanunua antena ya karibu mita moja. Kitako chake cha sumaku hakikushika kwenye bampa ya plastiki, kwa hiyo akaifunga kwa kamba ya viatu. Waya akaupitisha dirishani na kuubana kwa kioo.

"Tafadhali," alisema fundi redio, "usimwambie mtu umenunua kwangu."

Dereva wa teksi aliitazama antena ile mara moja. "Ya kuanikia soksi?" Yeye alitaka kusikiliza mpira tu. Inspekta akaendelea.

Mwenye gari la kuvuta magari mabovu alicheka mpaka akashika goti.

"Babu wee, itoe hapo, ipandishe juu ya paa. Unataka kusikia nini?"

"Polisi."

"Kwa polisi ni tisini. Lakini usihangaike. Wiki ya sita sasa wamekufa kabisa, husikii hata kikohozi. Mimi nilikuwa nafika kwenye ajali kabla yao. Siku hizi nafika majeruhi wameshapona." Akafuta machozi ya kicheko. "Kwani wewe unafanya kazi gani?"

"Nasikiliza watu," alisema Inspekta, akaondoka. Huyu alikuwa na antena ya jana.

Mwalimu wa udereva alikuwa uwanjani kwake, mwembamba, shati limenyooshwa likanyooka, akipanga vizuizi vya kufundishia kurudi nyuma. Gari lake lilibeba juu ya paa sanduku pana la plastiki lililoandikwa MWANAFUNZI.

"Mke wangu anataka kujifunza," alisema Inspekta.

"Karibu, mzee. Ameshawahi kushika usukani?"

"Anashika wa kwangu tangu tuoane."

"Anapendelea asubuhi au jioni?"

"Asubuhi. Unamaliza kwa wiki ngapi?"

Mwalimu aliacha kupanga vizuizi. Macho yake yalikuwa yameshuka hadi kwenye bampa, yakafuata ile kamba ya kiatu, yakafika kwenye waya uliobanwa na kioo. Uso wake ulikunjamana kama wa mtu anayemwona mwenzake akila supu kwa uma.

"Samahani, mzee. Nani amekufungia hiyo?"

"Mimi mwenyewe."

"Pole."

"Nataka kusikiliza polisi, nipitishe muda. Jirani yangu ananiambia antena ikiwa ndefu ndiyo bora. Na kwamba kwenye bampa ni pazuri, upepo haufiki."

Mwalimu alivumilia kwa muda wa pumzi tatu. Kisha alikwenda kwenye gari lake, akarudi na koleo. Alifungua kamba kwa vidole viwili kama anayeondoa kitu kichafu, akaibandika antena katikati kabisa ya paa, akaulaza waya vizuri pembeni mwa mlango.

"Jirani yako adui," alisema. "Urefu huu ni wa masafa yao ya zamani. Ngoja." Koleo lilibana. Kipande kirefu kilidondoka chini. "Kumi na sita na nusu."

"Si kumi na saba?"

"Kwa kumi na saba utawasikia. Kwa kumi na sita na nusu utawasikia wakipumua."

Inspekta alitoa mfukoni futi ya kupimia nguo. Akaisimamisha kando ya antena, akainama, akasoma. Jamaa alikuwa amekata kwa jicho tu, na hakuwa amekosea hata unywele.

"Hongera," alisema Inspekta. "Uko chini ya ulinzi."

Mwalimu aliruka ndani ya gari lake. Lakini langoni lilikuwa limesimama gari la doria, limeziba njia yote, na koplo ameegemea mlango.

"Samahani, mwalimu," alisema koplo. "Limezimika."

Ndani ya sanduku la MWANAFUNZI walikuta antena nyingine ya kipimo kile kile. Chini ya kiti cha abiria, skana ikiwa bado imewashwa.

Katika chumba cha mahojiano, Inspekta aliweka futi ile mezani.

"Sikio ni nani?"

"Ni mimi."

"Na wale watatu?"

"Wanafunzi wangu. Wamefeli mtihani mara nne nne."

"Wezi wasiojua kuendesha?"

"Ndiyo maana walinihitaji. Hawawezi kukimbia. Lazima waondoke mapema."

"Na pale kwenye mzunguko?"

"Nilikuwa mimi. Mmoja wao alichelewa na kamba za mzigo."

"Vyerehani viko wapi?"

"Kwenye darasa la alama za barabarani. Na matairi, na mabomba, na viti. Wao walitaka kuuza. Mimi nikawaambia wangoje."

"Wangoje nini?"

Kwa mara ya kwanza mwalimu alinyanyua uso.

"Niliomba kazi ya ufundi redio hapa kituoni. Mkaniambia sina cheti. Mlipobadilisha masafa niliyapata kwa siku mbili, nikawaandikia barua tatu. Nikawaeleza kwamba antena zenu hazifai na kwamba mnaongea kama mko ndani ya gunia. Hamkunijibu. Nikasema, basi tungoje mpaka mjue kwamba kuna mtu anasikia."

"Kuna mama alikuwa anakwenda jela kesho kwa ajili ya hicho unachosikia."

"Yule wa 'rudia'?" Mwalimu aliinamisha kichwa. "Sikujua. Hilo hawakulisema hewani."

Inspekta alitoka, akaingia ofisini kwa Mkuu bila kubisha hodi, akapiga magoti kando ya meza na kuzichomoa karatasi zilizokunjwa chini ya mguu mfupi. Zilikuwa barua tatu. Meza ililala upande, na wino wa Mkuu ukaenda nayo, hadi kwenye suruali yake.

Asubuhi ya Ijumaa hakuna aliyepelekwa mahakamani isipokuwa mwalimu na wanafunzi wake watatu, na koplo ndiye aliyeendesha. Uani, fundi redio alipita gari hadi gari na koleo lake, magari manane, akinung'unika kwa furaha. Saa nne kamili Mama Sauti aliketi kwenye kiti chake, akavuta maikrofoni, akabonyeza.

"Doria moja, unanipata? Ova."

"Nakupata, mama," alijibu koplo, sauti safi kama yuko chumba kile kile. "Mpaka kijiko kwenye kikombe chako. Ova."

Mlango ulifunguka. Mkuu aliingia na suruali nyingine, akasimama, akatazama viatu vyake.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "nilikosea. Samahani."

Mama Sauti hakugeuka. Kidole chake kilikuwa kimebonyeza tena maikrofoni, na ndani ya magari manane askari wote waliacha kutafuna.

"Rudia, Mkuu," alisema. "Sikukupata vizuri."

Mkuu akarudia, kwa sauti ya kutosha.