Asante ya Mpishwa

Haya yalimkuta rafiki yangu Ishbel kisiwani kwao, Uskoti. Feri iliahirishwa mara mbili, jiko la gari lao la kulala, lenye kitanda nyuma ya viti, likafa, lakini mumewe Ruaridh akashikilia wazunguke kisiwa hivyo hivyo. Ukungu ukawafunika. Barabara za kule zinatosha gari moja tu. Wa nyuma ukimpisha, hupita akikupigia honi mbili za asante.

Taa zikawajia nyuma. Ishbel, aliyekuwa usukani, akasogea pembeni, akazima gari. Taa zikazimika, wala hakupita mtu.

"Amegeuza huyo. Twende, bibie."

Ishbel akawasha. Gari likagoma.

"Jaribu tena."

"Nimejaribu, Ruaridh. Limekataa."

Wakakaa gizani wakisikiliza. Kisha honi zikalia mbili, taratibu, mle mle garini, nyuma ya pazia la kitanda chao.